Fimbo ya Kanali Landaeta

Honi ya meli ya Plata ililia tena kutoka ghubani, na Kamanda Goytía akarudi nyuma kutoka dirishani kana kwamba mtu amemzaba kofi.

"Umesikia?" alisema. "Wameshaanza kuchochea tanuri. Kengele ya Bunge ikilia kuitia kura kabla sijawapa mtu, watapanda meli wote, na jimbo lao litawafuata nje ya Muungano wetu wa Amerika. Na wewe umepiga magoti unaangalia wadudu!"

Inspekta Casimiro Ticona hakuinuka. Alikuwa kando ya meza ndogo katika chumba cha hoteli ambamo Don Leandro Achával, mjumbe wa jimbo la Plata, alikutwa jana yake mchana, saa ambazo mji mzima wa Panama hulala kukwepa jua. Alikutwa kwenye kiti chake cha kuegemea, upanga mwembamba umemzama kifuani. Maiti ilikwisha chukuliwa. Kiti kilibaki na doa lake, na juu ya meza kilibaki kibuyu.

Sisimizi walikuwa wametokea kwenye ufa wa roshani. Walipita chini ya pazia, wakapanda mguu wa meza, wakaingia kibuyuni kwa msururu usiokatika. Kilikuwa kibuyu kidogo chenye ukingo wa fedha, na mrija wa fedha umesimama katikati ya majani yaliyolowa na kuvimba. Watu wa Plata hawaendi popote bila chai yao hiyo ya kibuyu. Hata Bungeni huipitisha mkono kwa mkono, wakifyonza mrija mmoja.

"Kamanda, nani alikunywa hapa?"

"Marehemu! Chumba chake, kibuyu chake, mdomo wake. Casimiro, nisikilize. Upanga uliomuua ulitoka ndani ya fimbo ya Kanali Landaeta, mjumbe wa Caracas. Kisu cha fedha cha marehemu tumekikuta kwa Kanali, chini ya mto wa kulalia. Bunge zima lilimsikia Kanali akisema msaliti wa Muungano anafaa kupasuliwa kama samaki. Unangoja nini, malaika ashuke na barua ya ushahidi?"

"Nangoja kengele, Kamanda. Uliniahidi mpaka kengele."

"Na ikilia namtoa Kanali mlangoni na pingu mikononi, watu wa Plata wamwone kwa macho yao. Nawe utasimama ubavuni kwangu." Goytía alivaa kofia. "Nyie watu wa milimani mna miguu mizito. Haya, tembea upesi leo."

Akatoka, akauacha mlango wazi. Sajini Olmedo Tuñón, mzaliwa wa mji huo, akaingia akijipepea kwa kofia. Shati lilimganda mgongoni.

"Afande, kule chini hakufai," alisema. "Vijana wa Plata wamekaa ngazi za kanisa, wa Caracas wamekaa upande wa pili. Wanaimba. Watu wakiimba hivyo, baadaye hurusha mawe."

Ticona alichovya kidole katika kibuyu, akakitia mdomoni.

"Afande! Unaonja vitu vya maiti?"

"Aliuawa kwa chuma, si kwa chai." Alilamba midomo. "Onja."

"Mimi nina watoto."

"Ni tamu, Tuñón. Tamu kama juisi ya miwa. Ndiyo maana wageni hawa wadogo wamealikana."

Alisimama, akapangusa magoti, akatazama kile kiti na kile kingine kilichokielekea, kilichovutwa karibu kama wanavyokaa marafiki wawili. Kisha akachukua jani la koka, wanalotafuna watu wa milimani, kutoka mfukoni, akalisukumia shavuni. Joto la mji ule hakupata kulizoea, wala lenyewe halikupata kumhurumia. Alipokuwa na kesi ngumu alitafuna.

"Mke wake yuko wapi?"

"Chumba cha pili. Hajalia, afande. Anapiga viatu rangi."

Doña Etelvina de Achával alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, kiatu cha mumewe kimevalishwa mkononi kama soksi, na kitambaa kinakwenda na kurudi. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye nywele zilizoanza mvi. Hakuacha kazi yake.

"Pole sana, Doña," Ticona alisema, kofia mkononi.

"Pole nimepewa nyingi tangu jana. Uliza ulilojia."

"Mchana ule wewe ulikuwa wapi?"

"Kwa mshonaji, na wake wa wajumbe wengine. Nilimwacha Leandro akichemsha maji. Niliporudi ngazi zilikuwa zimejaa watu."

"Mumeo alitia sukari katika chai yake?"

Kitambaa kilisimama. Mwanamke yule akamtazama kwa mara ya kwanza.

"Sukari? Leandro? Alikuwa na maradhi ya sukari, daktari alimkataza hata kuigusa. Na hata angekuwa mzima, kwetu chai ni chungu. Mwanamume akiomba sukari hadharani, atachekwa mpaka siku ya kuzikwa kwake."

"Mgeni je? Akiwa mtu wa Caracas, labda, asiyezoea?"

"Mgeni hupewa chungu kama wote, na akitema hutemea mlangoni." Kisha kitu kikapita usoni mwake, karibu kiwe tabasamu. "Isipokuwa Ireneo."

"Ireneo?"

"Daktari Ireneo Basavilbaso. Kiongozi wa wajumbe wetu. Yeye na Leandro walinyonya ziwa moja, kwa mlezi mmoja. Mbele za watu Ireneo hunywa chungu, na anakunja uso kama mtoto aliyepewa dawa. Lakini wakiwa wawili tu, Leandro humtilia sukari. Huibeba mfukoni kwa ajili yake, imefungwa kitambaani. 'Kunywa, mwali wangu,' humwambia, na wanacheka kama..."

Kiatu kilishuka taratibu mpaka magotini.

"Kwa nini unauliza habari za sukari?"

"Nauliza kila kitu, Doña."

"Hapana. Waliokuja jana waliniuliza kama mume wangu alikuwa na maadui. Wewe umeniuliza juu ya sukari. Usinifanye mjinga, Inspekta."

"Bado sijui," Ticona alisema. "Nikijua, nitakwambia wewe kwanza kabla sijamwambia mtu mwingine yeyote. Hiyo ni ahadi."

Mwanamke yule akarudi kwenye kiatu chake, lakini sasa alikuwa anasugua mahali pamoja tu.

Nje, Tuñón alimshika Inspekta kiwiko. "Daktari Basavilbaso ana chumba ghorofa hii hii, na alisema alilala mchana kutwa. Nilimhoji mwenyewe. Alisema hakumwona Don Leandro tangu meza ya chakula."

"Nakumbuka."

"Lakini afande, sukari si ushahidi. Ukimwambia Kamanda kwamba umemkamata kiongozi wa Plata kwa sababu ya sisimizi, atatufunga sote wawili, na sisimizi wetu."

"Ndiyo maana tunakwenda kwa Kanali."

Walikata kwa vichochoro kuukwepa uwanja, lakini uwanja ulikuwa umemwagika mpaka vichochoroni. Wauza supu walikuwa wamefunika vyungu vyao na kufunga milango. Bendera ya Muungano, ile iliyotundikwa kwa ajili ya sherehe za mwaka wa mia, ilikuwa imeteremshwa kwenye roshani mbili, na kwenye roshani ya tatu mzee na mwanawe walikuwa wanaigombania, mmoja huku, mwingine kule, bila kusema neno.

"Mla viazi huyo!" mtu alipiga kelele. "Umepewa nini na Caracas?"

Chungwa likapiga ukuta juu ya kichwa cha Ticona. Tuñón akageuka na rungu lake, lakini Inspekta alikuwa ameshatangulia.

Kanali Eustoquio Landaeta alikuwa katika chumba cha mahabusu cha kituo kikuu, anapiga hatua kutoka ukuta hadi ukuta. Alikuwa mzee wa nyanda za Apure, mwenye masharubu meupe na miguu iliyopinda kwa farasi. Alipomwona Ticona alitema chini.

"Umekuja tena, mtu wa baridi? Nilishasema. Sina la kusema."

"Hilo ndilo linalonishangaza. Umelitukana Bunge zima kwa miaka yako yote, na leo ulimi umekufa ganzi."

"Ninyongeni mkitaka. Mimi si mwanamke wa sokoni."

Ticona alivuta kibao, akaketi. "Kanali, nieleze kama mtoto mdogo. Unamchukia mtu. Unakwenda chumbani kwake mchana kweupe, mtumishi wa ngazini anakuona ukipanda. Unamchoma kwa upanga wa fimbo yako, ambayo jina lako limechongwa kwenye kichwa chake. Unauacha upanga. Unaiacha na ala yake ya mti, imeegemezwa kitini vizuri. Halafu unachukua kisu cha marehemu, ambacho hakina hata tone la damu, unakwenda kulala juu yake. Kweli wewe ni mpumbavu kiasi hicho?"

"Chunga mdomo wako."

"Na mtumishi anasema ulishuka ngazi ukipiga mluzi."

Kanali aligeukia ukuta.

"Mimi kwetu," Ticona aliendelea kwa sauti ya chini, "watu wawili waliogombana mipaka wakipatana, hubadilishana kitu cha mwilini. Mmoja hutoa mkanda, mwingine hutoa kofia. Sijui kwenu nyanda za Apure mnafanyaje. Lakini mtu aliyeacha fimbo na kuondoka na kisu, mimi simwiti mwizi wala muuaji. Namwita mtu aliyepatana na mwenzake."

Kutoka barabarani ulisikika wimbo, kisha mlio wa kioo.

"Nilikula kiapo," Kanali alisema mwishowe, bado akiutazama ukuta.

"Kwa nani?"

"Kwake yeye. Nisiseme mpaka kura ipigwe."

"Aliyekuapisha yuko chumba cha maiti, mzee wangu. Na kura haitapigwa kabisa ukikaa kimya. Watu wa Plata wakipanda meli ile, kesho Lima watadai zamu yao, na keshokutwa ni Bogotá. Utakuwa umetunza neno lako, na Muungano umekufa mikononi mwako."

Kanali aligeuka. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Aliniita yeye," alisema. "Nilikwenda tayari kwa ugomvi, nilidhani ananitaka tupigane. Akanikalisha. Akanipa ile sumu yao ya kibuyu, nikaitemea dirishani, akacheka. Akasema, 'Kanali, kesho nitasema hapana.' Nikamwuliza hapana gani. Akasema, 'Hapana ya kujitenga. Kanuni inataka wajumbe wote wa jimbo wawe na sauti moja. Yangu haitakuwamo.'"

"Kwa nini aligeuka?"

"Wenzake walikuja kwa meli. Yeye alipanda treni, kutoka Buenos Aires mpaka hapa, reli yote, milima na misitu. Alitaka kukusanya hoja za kuuchafua Muungano, mabehewa machafu, stesheni mbovu, ngano ya Plata inavyoliwa na ushuru wa mfereji wa Panama. Na alizipata, usidhani. Lakini aliniambia hivi, Inspekta: 'Nimepanda treni nyumbani, nimeshuka Panama, na njia nzima hakuna aliyeniuliza mimi ni wa nchi gani.'" Kanali alifuta masharubu kwa kiganja. "Mimi mzee, nimepigania jambo hilo maisha yangu yote, na sikupata kulisema vizuri kama yeye. Nikampa fimbo yangu. Akanipa kisu chake. Nikashuka nikipiga mluzi, ndiyo. Ningeweza hata kucheza ngoma."

"Alisema anamngoja mtu?"

"Alisema atamwambia mmoja tu wa watu wake, kwa sababu si haki rafiki alisikie Bungeni. Hakunitajia jina, na mimi sikuuliza."

Ticona aliinuka. "Tuñón, mfungulie."

"Afande? Kamanda je?"

"Mtoe kwa mlango wa nyuma, mpeleke hotelini, akae jikoni mpaka nimwite. Mfunike hilo sharubu kwa kitu. Linajulikana Amerika nzima."

Katika ukumbi wa chakula wa hoteli, wajumbe wa Plata walikuwa wamesimama miongoni mwa masanduku yao yaliyofungwa kamba. Walikuwa sita, na wa saba alikuwa Daktari Ireneo Basavilbaso. Huyo alikuwa mtu mwembamba aliyevaa nyeusi, kitambaa cha maombolezo kimefungwa mkononi, uso umechoka kama wa mtu ambaye usingizi umempiga chenga. Kahawa ilikuwa imeletwa na haikunywewa. Kila honi ilipolia, wote waligeuza vichwa.

"Umetuletea muuaji, Inspekta?" Basavilbaso aliuliza. "Au umetuletea maneno?"

"Maneno kwanza, Daktari. Kidogo tu."

"Tumechoka na maneno ya Panama."

"Kanali Landaeta amesema."

Sita wale wakasogea. Basavilbaso hakusogea.

"Amesema nini?" aliuliza mmoja wao, mzee mnene wa Córdoba.

Ticona alitazama kofia yake, akaigeuza mikononi. Alisema kwa sauti ya mtu anayeona aibu kwa anayoyasema. "Anasema Don Leandro alimwita ili kumtukana. Anasema marehemu alimpora fimbo yake kwa nguvu, akaivunjia heshima mbele yake, na kwamba mtu wa Plata tangu zamani ni mwizi wa vitu vya watu. Anasema alikwenda zake bila fimbo, akaacha mwizi na mali ya wizi. Sasa, kama marehemu kweli alikuwa na tabia ya..."

"Mwongo mkubwa!" Basavilbaso alipiga meza, vikombe vikaruka. "Leandro hajapata kugusa kitu cha mtu tangu azaliwe! Nimemjua mimi tangu tunatambaa. Mwizi? Leandro? Fimbo ile alipewa! Alipewa kwa mkono na yule mzee..."

Sauti ikakatika hapo.

Nje watu walikuwa bado wanaimba, lakini mle ndani ilisikika sauti ya kijiko kinachotingishika ndani ya kisahani, kisha kikatulia.

"Alipewa," Ticona alisema polepole. "Ndivyo ilivyokuwa. Kanali yuko jikoni, ameniambia hivyo hivyo, na hajamtukana marehemu hata kwa neno moja. Hayo matusi ni yangu, na namwomba Doña anisamehe."

Doña Etelvina alikuwa amesimama kwenye ngazi ya mwisho, mkono juu ya reli. Hakuna aliyemwona akishuka.

"Lakini wewe, Daktari, ulikuwa umelala," Ticona aliendelea. "Hukumwona Don Leandro tangu meza ya chakula. Fimbo alipewa baada ya chakula. Waliojua ni wawili, aliyeitoa na aliyepewa. Na Kanali tangu jana hajamfungulia mdomo mtu ila mimi. Nani alikwambia?"

Basavilbaso aliwageukia wenzake.

"Watu... watu husema..."

"Watu wote wanasema Kanali aliingia na fimbo akamchoma nayo. Hilo ndilo lisemwalo uwanjani. Hakuna anayesema alipewa."

"Ireneo," mzee wa Córdoba alisema. "Mjibu huyu mtu. Mjibu tuondoke."

Doña Etelvina alivuka ukumbi. Alipita kati ya masanduku mpaka akafika mbele yake, karibu kiasi cha kumshika kola, lakini hakumshika.

"Alikutilia sukari," alisema.

Daktari alirudi hatua moja. Alikaa juu ya sanduku lililokuwa nyuma yake.

"Alikuwa anacheka, Etelvina," alisema. Hakumtazama Inspekta tena, wala wenzake. "Alinionyesha fimbo ile kama mtoto aliyepewa mwanasesere. 'Tazama alichonipa yule mzee mkali.' Akanimiminia chai, akaniambia kesho atasema hapana, kama mtu anayekwambia kesho atakwenda kuvua samaki. Miaka ishirini, Etelvina! Miaka ishirini tumelisema neno moja. Nimefungwa kwa ajili ya neno lile. Ndugu yangu amekufa kwa ajili yake. Na yeye, kwa sababu amepanda treni! Nilimwomba. Nilipiga magoti, Mungu anajua. Akasema, 'Inuka, mwali wangu, chai inapoa.' Fimbo ilikuwa imeegemea kiti. Sikuwaza. Niliona mkono wangu tu."

"Halafu ukaiegemeza ala pale pale," Ticona alisema.

"Ndiyo."

"Na ukanywa chai?"

Basavilbaso alifunika uso. "Alikuwa ameshanipa mkononi. Nilikunywa wakati anaongea. Nilikunywa yote."

Tuñón alitoka jikoni na pingu. Daktari aliinuka mwenyewe, akatoa mikono. Alipokuwa anafungwa, alijinyoosha, na sauti yake ikarudi kidogo ile ya Bungeni.

"Nitoe mlangoni, Inspekta, uone. Watu wetu wako nje maelfu. Utawaambia nini? Kwamba Panama imemkamata aliyenyonya ziwa moja na marehemu, na kumwachia huru adui yake? Nani atakuamini wewe, mtu wa milima ya Oruro? Leandro angekuwa hai angeizuia meli ile. Amekufa, na mimi nimefungwa, na bado itaondoka."

Ticona aliona kwamba ni kweli.

Kengele ya Bunge ikaanza kulia.

Kamanda Goytía aliingia mbio kutoka barabarani, akaona pingu ziko mikononi mwa nani, na rangi yote ikamtoka. "Casimiro, umefanya nini? Mrudishe juu! Mfiche! Wakimwona huyu, wataichoma hoteli!"

"Ameungama, Kamanda. Mbele ya wenzake."

"Hata angeungama mbele ya Papa! Sikiliza kule nje!"

"Fungueni mlango," alisema Doña Etelvina.

Goytía alimgeukia. "Doña, nakusihi, si mahali pa..."

"Mume wangu ndiye aliyeuawa. Fungueni."

Tuñón alimtazama Inspekta. Inspekta akatikisa kichwa kukubali. Milango miwili mikubwa ikafunguliwa, na mwanga na kelele vikaingia pamoja kama maji.

Doña Etelvina alitoka peke yake mpaka juu ya ngazi. Waliokuwa mbele walimtambua, wakavua kofia, na ukimya ukaenda nyuma kidogo kidogo mpaka ukafika ngazi za kanisa. Ticona alisimama mlangoni nyuma yake, mkono umemshika Basavilbaso. Hakuthubutu kumtokeza.

"Mnanijua," Doña Etelvina alisema. Sauti yake haikuwa kubwa. "Aliyemuua Leandro si mtu wa Caracas. Ni Ireneo wetu. Amesema kwa kinywa chake, na wajumbe wetu wamesikia. Alimuua kwa sababu leo Leandro alikuwa aseme hapana."

"Uongo!" sauti moja ilipasua. "Wamekulazimisha!"

"Nani wewe?" alimwuliza. "Njoo hapa mbele uniambie mimi mwongo, mume wangu hajazikwa."

Hakuna aliyekuja. Mahali fulani jiwe liliangushwa, likalia juu ya mawe mengine, si kwa kurushwa ila kwa kuachiwa.

Wajumbe sita walikuwa wametoka, masanduku mikononi. Mzee wa Córdoba alimsogelea, kofia kifuani. Machozi yalikuwa yanamtiririka, na hakuyafuta.

"Doña, twende zetu. Meli inangoja. Nahodha ametenga chumba cha barafu kwa ajili yake. Tumrudishe Leandro akazikwe kwao."

Alimtazama yule mzee kwa upole, kama mtu anayemweleza jambo mtoto wa mwenzake.

"Nendeni nyinyi, Don Baltasar, kama mnakwenda. Mimi nitamzika hapa. Hapa ni kwao."

Kengele iliendelea. Wajumbe walisimama ngazini, wakiitazama bandari upande mmoja na kuba la Bunge upande mwingine, na umati wote uliwatazama wao. Wawili waliinua masanduku yao wakashuka kuelekea majini, bila kuaga, na watu wakawapisha. Wengine walibaki. Kisha Don Baltasar akaliweka sanduku lake chini, pale pale barabarani, akavaa kofia, akaanza kuupanda mteremko wa kwenda Bungeni. Alikwenda taratibu, kwa sababu ya unene. Wa pili alimfuata, na wa tatu, na wa nne aliwakimbilia.

"Masanduku haya, afande?" Tuñón aliuliza. "Wataiba."

"Yalinde," Ticona alisema.

Akamshika Basavilbaso begani, wakashuka ngazi katikati ya watu. Hakuna aliyerusha kitu.